Njia za makaa ya mawe zimegeuka njia za kinga

Kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji, kuko njia moja ya mawe inayokata pori katikati. Haifike hata kilomita 2 na nusu. Imenyooka sawa kamba, na motokari hazina ruhusa ya kupita humo. Siku nyingi za mwaka unakuta paka watu wanaotembea kwa miguu, ndege, na mtu mmoja mmoja wa kinga. Lakini siku moja mu mwezi wa 4, televizyo za nchi nyingi zinageukia kwake: ni njia ya Arenberg, fasi inayoogopwa sana mu shindano la kinga la Paris-Roubaix.

Wanaoitazama mu televizyo wanaona mawe, matope na watu wanaoanguka. Kitu wasichoona kiko chini. Chini ya lile pori kulikuwa kazi ya makaa ya mawe, na mtu aliyewaonyesha wakubwa wa shindano ile njia alikuwa mchimbaji wa zamani.

Leo tunataka kuongea juu ya njia za namna hiyo: njia za kimya, za mashamba na pori, fasi mtu wa kinga anatembea saa nzima bila kusikia kamyo nyuma ya mgongo. Mu ile sehemu ya Ufaransa, nyingi kati yao zilitengenezwa na mine. Mine ilikufa, njia zikabaki. Ndugu msomaji wa Kolwezi, Likasi, Kipushi ao Lubumbashi, habari hii haiko mbali nasi sawa tunavyofikiri.

MTOTO WA WACHIMBAJI

Jina lake Jean Stablinski. Alizaliwa mwaka 1932 mu familia ya Wapolandi waliokuja Ufaransa kutafuta kazi. Jina lao la kweli lilikuwa Stablewski. Waandishi wa magazeti waliliandika vibaya, na lile la makosa njo lilimfuata mpaka kaburini. Baba yake alikufa Jean akiwa na miaka 14. Wote wanaosoma hapa wanajua maana yake: mtoto anakuwa baba wa nyumba kabla ya ndevu kuota. Jean akafanya kazi mu mine ya Arenberg.

Kinga njo ilimtoa. Mwaka 1958 alishinda shindano la kuzunguka Hispania. Alikuwa bingwa wa Ufaransa mara 4, na mwaka 1962, kule Salò mu Italia, akawa bingwa wa dunia. Alikimbia miaka mingi pamoja na Jacques Anquetil, akimsaidia mkubwa wake kushinda, kisha naye akichukua zake.

Shindano la Paris-Roubaix lilianza mwaka 1896. Sifa yake ni njia za mawe ya kupanga, zile Wafaransa wanaitaka «pavés». Lakini kisha vita ya pili ya dunia, kila mwaka kijiji kimoja ao kingine kilikuwa kinafunika mawe yake na lami. Ni haki yao: hakuna mtu anayependa motokari yake ivunjike mbele ya nyumba yake. Mawe yalipopunguka, wakubwa wa shindano wakaona shindano lao linakufa. Wakamtuma Albert Bouvet, naye mkimbiaji wa zamani, atafute njia mbaya zilizobaki. Bouvet akaenda kuuliza Stablinski, na Stablinski akamwonyesha ile ya pori la Arenberg. Ikaingia mu shindano mwaka 1968, na aliyeshinda mwaka ule ni Mbelgiji Eddy Merckx.

Wenyeji wa kule wanapenda kusema kwamba kati ya wakimbiaji wote, Stablinski peke yake alipita juu ya ile njia na chini yake pia. Alikufa mwaka 2007. Jiwe la ukumbusho wake limesimama pale njia inapoanza. Hata zawadi ya Paris-Roubaix inaelewana na wachimbaji: mshindi hapewe kikombe cha dhahabu, anapewa jiwe moja la njia.

MKANDA WA KILOMITA 120

Ili kuelewa njia za kule, inafaa kwanza kuelewa mine yenyewe. Makaa ya mawe yalionekana mara ya kwanza mwaka 1720, mu kijiji cha Fresnes-sur-Escaut, karibu na muji wa Valenciennes. Watu wakaendelea kuchimba wakifuata makaa kuelekea magharibi, mpaka kazi ikafanya sawa mkanda wa kilomita karibu 120 kwa urefu, unaopita Valenciennes, Douai, Lens na Béthune.

Makampuni yalijenga kila kitu: nyumba, shule, kanisa, hospitali, uwanja wa mpira. Nyumba za wachimbaji zilipangwa kwa mistari mirefu ya matofali mekundu, zote za namna moja. Wao wanaziita «corons». Siye tunasemaka kambi. Mchimbaji alipewa nyumba na makaa ya kuwasha moto. Mzee wa kwetu aliyeishi wakati wa posho anaweza kuelewa mara moja. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ilikuwa ya kampuni, na mtu aliyefukuzwa kazini alipoteza vyote viwili kwa siku moja.

Kisha vita, serikali ikachukua yale makampuni yote. Mwaka 1947 watu wapata 220,000 walikuwa wanafanya kazi mu ile mine. Wafaransa peke yao hawakutosha. Tangu mwaka 1919 Wapolandi walikuja kwa wingi. Kisha wakaja Waitalia, Waalgeria, na mu miaka ya 1960 na 1970 Wamoroko makumi ya maelfu, waliochaguliwa kwao vijijini kwa kutazamwa nguvu za mwili.

Tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 1906, mlipuko uliua watu 1,099 mu mine ya Courrières. Kati yao kulikuwa watoto wa kazi. Wakubwa walisema chini hakuna tena mtu mwenye uhai. Kisha siku 20, watu 13 wakatoka wenyewe, wazima. Mpaka leo jina la Courrières linatajwa kule kwa sauti ya chini.

Makaa ya mwisho yalitoka tarehe 21 mwezi wa 12 mwaka 1990, mu shimo la Oignies. Ilikuwa miaka 270 tangu ile siku ya Fresnes. Shimo la Arenberg lenyewe lilikuwa limefungwa mwaka mmoja mbele, 1989.

RELI ILIYOKUWA NYUMA YA NYUMBA

Sasa tuingie mu habari ya njia. Kila shimo lilikuwa na shida moja: makaa yakishatoka juu, yapite wapi? Kutoka shimoni yalipaswa kwenda fasi ya kuoshea, kutoka pale kwenda mu gare ao kwa bandari ya mfereji wa maji. Basi makampuni yalijenga reli zao wenyewe, ndogo ndogo, kutoka shimo mpaka shimo. Zile reli wachimbaji waliziita «cavaliers».

Treni yenye mzigo wa makaa haipende mlima. Kwa hiyo wajenzi walifanya kila kitu ili njia ibaki sawa: fasi ya bonde walijaza udongo na mawe machafu ya shimoni, fasi ya kilima walikata. Tena treni haipende kona ya ghafula, basi njia ilipinda polepole. Na kwa kuwa haikuwa barabara ya watu, ilipita nyuma ya kambi, nyuma ya bustani, kando ya mashamba ya ngano na viazi, ikapasua pori.

Mine zilipofungwa, vyuma viling’olewa vikauzwa. Kilichobaki ni mkanda wa ardhi, mwembamba na mrefu, wenye vichaka pande mbili. Mtu wa kinga akiutazama anaelewa mara moja: hakuna mlima mkali, hakuna kona mbaya, hakuna motokari. Kitu kilichofanywa kwa ajili ya treni ya makaa kilikuwa kinafaa kabisa kwa mama mwenye mtoto nyuma ya kinga, na kwa mzee ambaye vumbi la shimo lilimharibu mapafu na hawezi tena kupanda kilima.

Lakini haikujifanya yenyewe. Ile ardhi ilikuwa ya kampuni ya serikali iliyokuwa inafunga milango. Ingeweza kuuzwa vipande vipande, huyu ajenge gereji, yule apande viazi, na baada ya miaka 10 hakuna mtu angejua njia ilipitia wapi. Mkanda wa namna hii ukikatwa fasi moja tu, wote unakuwa bule. Fasi nyingi, mairie, mkoa na mashirika ya serikali walikubaliana kuununua mzima, kusafisha, kumwaga mchanga ao lami nyembamba, na kuweka kibao. Kile kibao ni cha buluu. Maana yake «voie verte», njia ya kijani: chombo chenye motere hakiruhusiwe. Sheria ya barabara ya Ufaransa inazitambua njia hizo tangu mwaka 2004.

Hawakuwa wa kwanza kufanya vile. Mu Burgundy, njia ya kijani ya Givry mpaka Cluny, kilomita 44 juu ya reli ya zamani, ilifunguliwa mwaka 1997, na nchi nzima ikaona kwamba watu wanakuja kweli. Lakini huko ilikuwa reli ya abiria. Huku kaskazini ni reli ya makaa.

NJIA ZINGINE ZA KIMYA

Cavaliers haziko peke yao. Mtu anayetafuta kimya mu mashamba ya Ufaransa anaweza kufuata njia za namna ingine mbili.

Ya kwanza ni njia za kando ya maji. Zamani, mashua za mizigo zilivutwa na farasi, wakati mwingine hata na watu, waliotembea juu ya ukingo wa mfereji. Ule ukingo ulipaswa kuwa sawa na safi siku zote. Leo mashua ziko na motere, farasi hawako tena, lakini njia yao imebaki. Kando ya mto Scarpe mtu anaweza kutembea kutoka kijiji mpaka kijiji akisikia paka maji na bata.

Ya pili ni barabara ndogo za lami za vijiji. Ufaransa ina barabara za zaidi ya kilomita milioni moja ukihesabu zote, na nyingi kati yao ni ndogo, za mkoa ao za kijiji. Juu ya ramani zinaandikwa na herufi D ama zinachorwa kwa mstari mweupe mwembamba. Kwa nini hazina motokari nyingi? Kwa sababu makamyo na watu wa haraka walipewa njia yao. Mu ile nchi ya mine, barabara kubwa ya A21 inabeba mzigo ule wote kutoka upande wa Lens mpaka karibu na Valenciennes. Kamyo ikipata barabara yake nzuri, haina sababu ya kupita mu kijiji. Kimya cha njia ndogo kinalipwa na kelele ya njia kubwa.

SIKU MOJA MU PORI NA KANDO YA MTO

Tuseme ndugu yako anaishi Lille ao Bruxelles, na iko na siku moja ya mapumziko. Anaweza kupanda treni kutoka Lille mpaka Saint-Amand-les-Eaux na kinga yake. Mu zile treni za mkoa kinga hailipishwe.

Saint-Amand ni muji mdogo wenye mnara mkubwa wa abasia ya zamani, mita 82 kwa urefu. Kutoka pale anaelekea kusini na kuingia mu pori. Njia ni nzuri, miti ni mirefu, na ukiwa ndani haufikiri kwamba hii ni nchi ya mine.

Kisha kidogo miti inafunguka na mtu anaona maji mengi. Fasi hiyo inaitwa Mare à Goriaux. Haiko ziwa la Mungu. Mwanzo wa karne ya 20, ardhi iliyokuwa juu ya mashimo ilizama, maji yakajaa, na mabwawa 3 yakakutana yakawa moja. Leo ni fasi ya ndege inayolindwa na sheria. Mchimbaji anayepita pale anaelewa kitu ambacho mtalii hawezi kuelewa: ardhi iko na kumbukumbu. Ukitoa kitu chini, juu itajibu, hata ikichelewa. Mpaka leo, mu sehemu zingine za ule mkanda, mapompi yanafanya kazi mchana na usiku ili maji yasiingie mu nyumba za watu, kwa sababu vijiji vilishuka chini. Mine imefungwa, lakini gharama yake haijafungwa.

Mbele kidogo ni Arenberg. Minara 3 ya chuma ya kushushia watu shimoni bado imesimama. Fasi hiyo iliponea kidogo tu kuvunjwa. Mu miaka ya 1990 mwanzoni, Claude Berri alitengeneza pale sinema ya «Germinal», kufuatana na kitabu cha Émile Zola cha mwaka 1885 kinachosimulia maisha ya wachimbaji. Zola mwenyewe alifika mu mine za Anzin, upande ule ule, mwaka 1884, akashuka shimoni ili aandike kitu cha kweli. Leo majumba ya mine ya Arenberg yanatumika kwa kazi ya picha na sinema.

Halafu njia ya mawe yenyewe. Shauri kwa mtu wa kinga: asijaribu kukimbia. Mawe yale yamebaki sawa meno mabovu. Kati yao kuko matundu, na mvua ikinyesha yanateleza sana. Mikono ishike bila kukaza, mwili uinuke kidogo juu ya kiti, na mipira isijazwe upepo mpaka mwisho. Kama iko na kinga nyembamba, kando kuko kanjia ka udongo; hakuna haya kupita hapo. Kuko kundi la watu wa kujitolea, Amis de Paris-Roubaix, wanaotengeneza njia zile za mawe kila mwaka kwa mikono, wakipanga jiwe kwa jiwe. Ni kazi ya magoti na nyundo. Wachimbaji wanaijua.

Akitoka pale anapita Wallers, kisha barabara ndogo za mashamba mpaka Marchiennes. Nchi ni sawa kabisa. Adui mmoja tu ni upepo. Marchiennes iko juu ya mto Scarpe. Anageuka upande wa mashariki, anafuata ukingo wa mto mpaka Saint-Amand. Safari yote ni kama kilomita 40, zaidi kidogo ao punguka kidogo, na sehemu kubwa haikutani na kamyo hata moja.

UPANDE WA LENS

Lens wengi wanaijua kwa sababu ya mpira. Gaël Kakuta wetu, aliyevaa maillot ya Léopards, alicheza pale. Uwanja wao unaitwa Bollaert, jina la mkubwa mmoja wa mine, na kilomita chache tu kutoka uwanjani kuko milima 2 myeusi inayoonekana mbali sana: ni terril za Loos-en-Gohelle, kati ya zile ndefu kuliko zote mu Ulaya.

Terril ya kule haifanane kabisa na ya Lubumbashi. Ya kwetu ni takataka ya moto, iliyotoka mu fourneau ya shaba. Ya kwao ni mawe yaliyotoka shimoni pamoja na makaa. Ndani mwa zingine bado kuko joto, kwa sababu makaa yaliyobaki yanaungua polepole. Nyasi na miti imeota juu yake, na watu wanapanda jioni kutazama jua likishuka. Si zote zilizobaki: nyingi zilibebwa kutengeneza barabara kubwa. Hilo tunalielewa vizuri siye tunaoona terril yetu inapunguka mwaka kwa mwaka, kwa sababu ndani yake kuko cobalt.

Mu Lens yenyewe, tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 2012, musée ya Louvre ya Paris ilifungua nyumba yake ya pili juu ya kiwanja cha shimo namba 9. Mtu anayetoka gare anaweza kufika pale kwa kufuata reli za makaa za zamani, leo bustani na njia ya miguu na kinga. Mwaka ule ule, mwezi wa 6, UNESCO iliandika ule mkanda mzima wa mine mu orodha ya urithi wa dunia. Haikuchukua paka majumba mazuri. Ilichukua vitu 353: mashimo, terril, kambi, makanisa, magare, na cavaliers pia. Kambi ya mchimbaji na njia ya treni yake ziliwekwa mu orodha moja na majumba ya wafalme.

KINGA HAIKULISHA WATU

Tusidanganyane. Batu bamoya watauliza: «Siye tuko na shida ya unga, unatuletea habari ya kinga ya Bazungu?» Ulizo ni la haki, na jibu lake ni hili: njia ya kijani haikurudisha kazi. Shimo lililokuwa na watu elfu moja halibadilishwe na kibao cha buluu. Mpaka leo ile mikoa ya mine ni kati ya zile zenye umaskini mwingi mu Ufaransa. Vijana wengi hawana kazi. Wajane wa wachimbaji walipigania miaka na miaka malipo ya ugonjwa wa mapafu, ule wa silicose, ambao sheria ya Ufaransa iliutambua mwaka 1945 tu, kisha vizazi vingi vya watu kukohoa mpaka kufa. Wamoroko walipaswa kugoma ili wapate haki sawa na wenzao Wafaransa.

Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba kule walifunga mine wakafungua bustani, na kila mtu akafurahi. Walifunga mine na watu wakalia. Njia zilikuja nyuma, polepole, na bado hazijaunganika zote.

Lakini kuko jambo moja ambalo wale watu walilipata na ambalo haliuzwe sokoni. Mtoto wa kambi anaweza kutoka nyumbani kwake na kinga, akaenda shuleni ao mu kijiji cha shangazi yake, bila mama kubaki na moyo juu. Mzee aliyestaafu anaweza kutembea mpaka shimo lake la zamani. Njia aliyoijenga baba yake kwa ajili ya kampuni imekuwa njia ya mjukuu.

NA SIYE JE?

Mu Katanga kinga haiko mchezo wa siku ya yenga. Kinga ni kamyo ya maskini. Kila asubuhi, kabla ya jua, watu wanaingia Lubumbashi wakisukuma mifuko ya makala iliyopita kichwa kwa urefu; wengine walitoka siku moja mbele. Wanatembea juu ya barabara ile ile na makamyo ya mine, yale yanayokwenda Kasumbalesa. Kamyo ikipiga honi, mtu wa kinga njo anashuka mu majani, si kamyo. Mara ingine hana wakati wa kushuka. Kila mtu hapa anajua nyumba moja yenye kilio cha namna hiyo.

Siye pia tuko na reli za mine. Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, na kutoka pale makampuni yalivuta zao kuelekea mashimo na fourneaux. Mawe ya Kipushi yalikuwa yanaletwa Lubumbashi kwa treni. Zingine bado ziko na treni. Zingine majani yalimeza. Fasi zingine vyuma viliondoka usiku. Fasi zingine watu walijenga nyumba juu ya tuta, kwa sababu ardhi isiyo na mwenyewe inayoonekana haikaye bule.

Hatusemi kila tuta lifanywe bustani. Reli inayoweza kubeba treni, ibebe treni: treni moja inaondoa makamyo mengi barabarani, na hiyo peke yake inaokoa watu. Lakini pale treni haitarudi tena, ule mkanda una faida ingine: uko sawa, hauna mlima, unaunganisha kambi na soko na shule. Mita 3 za udongo uliopigwa vizuri, na nguzo 2 mlangoni ili kamyo isiingie, zinatosha kwa mtu wa makala, kwa mama wa soko na kwa mwanafunzi. Haiko kazi ya pesa za Louvre. Ni kazi ya kuamua mapema, kabla mkanda haujakatwa.

Kule Ufaransa waliweza kwa sababu kulikuwa watu waliojua reli ilipitia wapi: wachimbaji wenyewe, na ramani za kampuni ambazo hazikutupwa. Kwetu ramani ingine iko mu kichwa cha wazee, na wazee hawabaki siku zote. Ukiwa na baba mukubwa aliyefanya kazi mu treni ya mine, keti naye yenga hii, na daftari. Mwulize ilitokea wapi, ilipita nyuma ya kambi gani, ilivuka mto fasi gani, na nani leo anakaa juu ya lile tuta. Uandike na majina. Siku chefferie ao mairie itakapouliza, jibu liwe tayari.